Mtoto Yuko kwa Mandambi

Nahoon, East London
12 Januari 1997

Mpendwa mdogo wangu Mzukisi,

Salamu nyingi, Bhele, kwa jina la ukoo wetu. Natumaini barua hii itakukuta Lüderitz ukiwa nchi kavu, umelala kitanda kisichoyumba. Sisi tupo. Mama miguu imevimba tena, kule Mdantsane majirani wanamkanda na anawatukana. Vuyisile anakusalimu. Tangu tuhamie huku shemeji yako amekuwa mtumwa wa bwawa la kuogelea: asubuhi kabla ya chai anapima dawa, anachota majani kwa wavu, anasimama kiunoni mikono kama meneja. Ofisini kwake hawamwoni akichangamka hivyo.

Mkeo Nofezile yupo, na mtoto wenu Uviwe yupo. Nakwambia hilo kwanza ili usome yaliyobaki bila moyo kukudunda.

Siku ya mwaka mpya tuliita watu, kuonyesha nyumba. Unajua watu wetu, wengine hawajawahi kuona bwawa nyuma ya nyumba ya mtu mweusi, ilibidi waje waliguse. Walikuja akina binamu yetu Thozama kutoka Johannesburg na mashoga zake, walikuja wa kanisani. Nilikuwa nimesema mapema: watoto wasivuke uzio bila mtu mzima. Uzio wenyewe ni wa vyuma, mzungu aliyetuuzia alikuwa na wajukuu, na geti lake hujifunga lenyewe. Ukiliachia tu, ta, limejifunga. Na komeo liko juu, mtoto halifikii.

Uviwe alikuwa amekaa juu ya sanduku la barafu pale getini, anakula tikiti, kanguo kote kekundu. Nilimwona kwa macho yangu. Nikaingia ndani kutoa sufuria la umngqusho, mahindi na maharage, jikoni. Nilipotoka, Vuyisile alikuwa amepiga magoti ukingoni na lile fimbo refu la wavu, na upande wa pili wa fimbo alikuwapo Nofezile na nguo zake zote, kilemba kinaelea peke yake, mtoto amemshika kwa mkono mmoja juu ya kichwa. Hajui kuogelea, yule. Alijitupa tu.

Mtoto alitapika akalia. Hospitali walimlaza kumwangalia mapafu, wakamruhusu. Ni mzima, anakula, anadai tikiti.

Sasa lililonikaa kooni. Watu walikuwa wamejaa kibarazani, hatua chache tu. Kwa nini mkeo hakuita mtu? Nimemuuliza Thozama, naye alikuwa amekaa karibu kabisa na dirisha la jikoni. Anasema Nofezile alipiga kelele mara mbili, lakini hakuomba msaada. Alisema, "Mtoto yuko kwa Mandambi." Basi wao wakajua mtoto yuko kwa mtu, wakaendelea na bia zao.

Mzukisi, Mandambi ni nani? Mimi simjui. Na geti lile nani alilifungua?

Mama hatujamwambia kitu, kwa ajili ya presha. Na wewe usimwandikie.

Dada yako,
Lungelwa


Lüderitz
9 Februari 1997

Dada Lungelwa,

Salamu kwako na kwa Vuyisile. Barua yako ilinisubiri kwenye ofisi ya meli tulipokuwa baharini, nimeipata jana. Huku baridi na upepo wa mchanga, ukitafuna mkate unatafuna na jangwa. Samaki wapo. Mwenzangu mmoja amevunjika kidole, nafanya zamu zake.

Nimeisoma barua yako mpaka imelegea kwenye mikunjo. Namshukuru Vuyisile kwa hilo fimbo. Mwambie.

Mandambi simjui. Kwa kina Nofezile kule Centane nilikaa wiki nzima wakati wa posa, nikapokea kila mjomba na kila jirani, sikusikia jina hilo. Kama ni mtu wa huko, nilifichwa. Kama ni mtu wa huko kwenu Nahoon, basi ni wa karibuni. Nofezile ameanza kutoka kwenda wapi? Anakwenda kanisani na nani? Mimi nilimwacha kwako kwa sababu nilijua macho yako hayalali.

Na wewe nijibu jambo moja. Umeandika geti hujifunga lenyewe, halafu umeandika mtoto alikuwa amekaa juu ya sanduku la barafu pale getini. Getini wapi? Upande wa ndani, upande wa nje, au katikati? Sanduku lile lilifikaje pale?

Kwa simu siwezi kumwambia mambo haya. Simu ya bweni iko ukutani, na nyuma yako kuna wanaume kumi wanaojifanya wanasoma matangazo.

Nakutumia picha ya meli umwonyeshe Uviwe.

Mzukisi


Nahoon
2 Machi 1997

Mpendwa Mzukisi,

Salamu, Bhele. Uviwe ameibusu picha ya meli mpaka imelowa. Mama amepunguza uvimbe, anauliza mbona hatumletei mjukuu. Mvua zimekuwa nyingi, Vuyisile analalamika kwamba zinamharibia dawa zake bwawani.

Umeniambia niangalie, nimeangalia. Nisikufiche.

Kwanza, tangu siku ile nimeandika masharti ya bwawa na kuyabandika mlango wa jikoni. Hakuna kukimbia ukingoni mwa maji. Hakuna kuingia majini umelewa. Mtoto haendi majini bila mkubwa anayemtazama, na anayetazama hafanyi kazi nyingine. Fimbo la wavu halisogezwi mahali pake. Ukiona mtu kazama majini, ita kwanza. Jumapili nikawasimamisha wote, kila mmoja asome kwa sauti, hata Vuyisile na cheo chake. Zamu ya Nofezile ilipofika aliisogelea karatasi, akaitazama, akainamisha kichwa. Nikamwambia, soma. Akasema, "Dada, nimeyasikia, nitayafuata." Nikasema soma basi kama umeyasikia. Akafumba mdomo mbele za watu, mtu aliyesoma mpaka darasa la kumi. Mtu asiye na la kuficha angesoma.

Pili, bwawa halitaji. Nimemfuatilia. Kwake ni "kule," ni "pale chini," ni "kwa Bwana Vuyisile." Mtoto alipotumbukia, kwake ni "ile siku." Hata akiwa na kiu hasemi anataka nini, anashika tu kikombe na kwenda bombani. Anamlisha Uviwe huku amegeukia ukuta. Nilimkuta jioni amesimama nje ya uzio ameshika vyuma, anazungumza peke yake chini chini. Nilipokaribia akanyamaza, akaniamkia kwa heshima nyingi mno. Heshima ikizidi hivyo mimi huanza kuhesabu vijiko, nione kipi kimeibwa.

Tatu, nimemuuliza. Nimemuuliza waziwazi, "Mandambi ni nani?" Alinitazama kama nimemvua nguo. Akasema, "Dada, unanitafutia nini?" Akaondoka akaenda kumwogesha mtoto. Jibu gani hilo?

Vuyisile ameweka kufuli. Ufunguo naulalia mimi.

Kuhusu sanduku la barafu, wageni walikuwa wengi na vitu vilikuwa vinahamishwa huku na huku, siwezi kukumbuka kila sanduku. Tusipotezane kwenye mambo madogo.

Lungelwa


Lüderitz
30 Machi 1997

Dada,

Salamu za Pasaka. Tumekula kondoo wa kampuni, mgumu.

Nimempigia. Niliona heri waliosimama nyuma yangu wasikie, kuliko kuendelea kulala na jina la mwanamume mwingine kichwani. Nilimsalimu, nikamuuliza mtoto, halafu nikasema, "Nofezile, Mandambi ni nani?" Alikaa kimya mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Hata wewe? Hata wewe, mwana wa nyumba ile, unaniuliza?" Akaanza kulia. Sarafu zikaisha.

Sijui ulikuwa unanielezea nini kwa mambo ya kufumba mdomo, lakini nimekisikia mwenyewe kimya hicho. Mwanamke anayelia namna ile ana jambo.

Nimefanya nililoona ni haki. Nimewaandikia kaka zake Centane waje kwako wakae nanyi, aseme mbele yao. Akishindwa kusema, wamchukue. Uviwe atabaki kwetu. Barua niliitia posta palepale kabla hasira haijapoa, kwa hiyo usinijibu kunizuia, itakuwa imeshafika.

Nimeumia, dada. Usimwonyeshe mtu barua hii. Usiku huwa namwona akiwa kule chini na kilemba kinaelea, na najiuliza, mwanamke aliyejitupa hivyo, asiyejua kuogelea, anawezaje kuwa na mwingine? Halafu nakumbuka kimya kile.

Sanduku la barafu hujanijibu. Nimeliona hilo pia.

Mzukisi


Nahoon
20 Aprili 1997

Mdogo wangu,

Sitakusalimu kwa urefu. Kaa chini uisome.

Kaka zake walikuja Jumamosi, wawili, na makoti yao ya suti na kofia mkononi. Kwa kuwa walikuja, ilibidi Mama aje, maana huwezi kuwapokea wakwe bila mama wa nyumba. Vuyisile alikwenda kumchukua Mdantsane na njiani akamweleza kila kitu, akisimamisha gari mara mbili ili Mama amtukane vizuri.

Tukakaa sebuleni. Nilikuwa nimejiandaa, Mzukisi. Nilikuwa nimemwita na Thozama, amelala kwangu usiku ule, ili aseme alichosikia. Akasema. Nikaeleza masharti, nikaeleza kufumba mdomo, nikaeleza kusimama kwenye uzio. Nikasoma na ile barua yako ya kwanza. Nofezile alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, miguu ameikunja, macho sakafuni. Kaka yake mkubwa alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sikuielewa, kama mtu anayesubiri kuambiwa kwamba ni utani.

Nikamwambia, "Sasa mbele ya ndugu zako, Mandambi ni nani?"

Aliinuka, akaenda jikoni. Nikafikiri anakimbia, nikamwashiria Vuyisile aangalie mlango wa nyuma. Tukasikia bomba likifunguliwa. Akarudi na glasi imejaa pomoni, ameishika kwa mikono miwili, akapiga goti, akaiweka mezani mbele yangu. Akarudi mkekani.

Mimi nikaitazama ile glasi. Nakuapia, nilidhani ananionea huruma kwamba koo limekauka.

Mama ndiye aliyeanza kulia. Akasema, "Ewe Lungelwa, baba yako alikuwa anaitwa nani?" Nikasema Wilson. Akasema, "Wilson ni jina la wazungu wa bandarini. Kwao, kwa mama yake, aliitwa nani?"

Manzolwandle. Unakumbuka? Tulilisikia siku ya kumzika, mzee mmoja akilitaja kaburini, basi. Jiwe lenyewe limeandikwa Wilson. Maisha yake yote mtaa mzima ulimwita Bhele. Na Nofezile siku alipovishwa shuka la ubibi harusi, wale shangazi wazee walimkalisha wakamwambia jina la baba mkwe wake, kwa sababu bibi harusi lazima aambiwe ili asije akalitaja, wala kutaja neno linalofanana nalo. Amanzi, yaani maji, yamo ndani ya jina la baba: Manzolwandle ni maji ya bahari. Kwa hiyo yule binti tangu aingie kwetu hajasema neno maji hata siku moja, wala kulitaja bwawa, asije akalikaribia neno hilo. Kwao kila mke analijua neno la kuweka mahali pake, bibi zao walikuwa wanalitumia kisimani. Ni mandambi.

Hakusema yuko kwa Mandambi. Alisema, "Mtoto yumo mandambini!" Mara mbili, kwa sauti yake yote, kwa watu wazima wenye masikio. Na wote walikuwa watoto wa mjini kama mimi na wewe, wakasikia jina la mtu.

Kaka yake mkubwa aliniuliza polepole kabisa, "Mama, mlikuwa hamlijui?" Aliniita mama. Afadhali angenitukana. Wao walidhani tumewaita kwa kosa lingine. Nofezile mwenyewe, Mama alipomsogelea na kumshika bega ndipo akasema, alidhani mimi namtega. Kwamba namsimamisha mbele ya karatasi yenye neno lile karibu kila mstari ili nimnase akilitaja jina la marehemu, nipate sababu ya kumfukuza. Wewe ulipompigia simu akaona tumeungana. Nilipomkuta kwenye uzio alikuwa anajizoeza kulisema, ili siku nyingine mtoto akitumbukia aweze. Alisema mdomo unakataa.

Thozama alitoka nje, hakurudi mpaka gari lao lilipoondoka.

Halafu Vuyisile, bila kuulizwa, akasema sanduku la barafu alilitegesha yeye katikati ya geti, ili asiwe anafungua na kufunga kila akipeleka nyama. Akaongeza kwamba mimi nilimwona akilitegesha. Ni kweli, nilimwona. Niliona aibu ya kuonekana mbele ya watu kwamba tumenunua nyumba yenye bwawa na hatujui kulikalia, na jina la Mandambi lilipokuja nikalishika kwa mikono miwili.

Nilimwomba Nofezile msamaha mbele ya kaka zake, nikiwa nimekaa mkekani. Aliitikia. Mama kwa huruma akataka kumfungulia mwiko: akasema tutachinja, tutazungumza na marehemu baba, ili binti awe huru kuliita jambo kwa jina lake. Nofezile akakataa. Akasema, "Mama, sikumheshimu kwa kulazimishwa. Jifunzeni nyinyi."

Lakini amekwenda, Mzukisi. Barua yako ilisema akishindwa kusema achukuliwe, na kaka zake walisema wameitwa kumchukua, hawawezi kurudi mikono mitupu kama watu waliotaniwa. Kuhusu Uviwe hakuna hata aliyethubutu kusoma mstari wako ule. Aliondoka mgongoni kwa mama yake, na picha ya meli. Getini Nofezile aliniaga vizuri. Alisema yule aliyemwita mbele ya watu aje amwombe mbele ya watu.

Nimeondoa yale masharti mlangoni nikaandika upya. Mahali pote palipokuwa na maji sasa pana mandambi. Vuyisile amepaka bati kwa rangi nyekundu akalifunga kwenye geti, MANDAMBI, herufi kubwa. Mgeni anayekuja hapewi hata chai mpaka alitamke na kueleza maana yake. Wa kanisani wanacheka, wanalisema, wanapewa chai. Watoto wa jirani mzungu nao wanalijua, wanalipigia kelele juu ya ukuta mchana kutwa. Kufuli tumeliondoa, komeo linatosha kama hakuna mjinga wa kulizuia geti.

Nyumba imekuwa kimya. Njoo.

Lungelwa


Lüderitz
11 Mei 1997

Dada Lungelwa,

Salamu kwa Mama, mwambie nimeyasikia matusi aliyomtukana Vuyisile, yote ni yangu.

Nimeisoma barua yako gatini nikashindwa kupanda melini. Nahodha amenipa ruhusa, sijui kama kazi itakuwepo nikirudi, sikuuliza. Nimefanya kazi juu ya kitu hicho miaka sita, nakinywa, nakiogopa, baba yangu amekibeba katika jina lake, na mtu pekee katika nyumba yetu aliyemkumbuka ni yule niliyemwandikia achukuliwe.

Naomba usininunulie zawadi za kupeleka na usinisindikize. Sitapitia kwako. Basi litaniacha njia panda ya Centane, nitatembea. Nitasimama nje ya uzio wa baba yake, mahali ambapo majirani wote wananiona, na sitasema nimekuja kumfuata mke wala mtoto. Nitasema nimetoka mbali, nina kiu, naomba mandambi.

Atakayetoka na kikombe nitakuandikia ni nani.

Mzukisi, mwana wa Manzolwandle